Mawese Kwenye Waya wa Athi

Tak.

Mara moja tu, kavu, kama mtu kavunja kijiti cha mhogo nyuma ya nyumba. Halafu kimya. Nimestaafu sasa, na masikio yangu siku hizi yanajichagulia cha kusikia. Mjukuu ataniita mara tatu nisimsikie. Lakini ile tak ya trekta letu la kijijini Simbo naisikia mpaka leo nikiwa nachambua maharage. Ninyi vijana mnaoshika spana, hasa ninyi mabinti, mmeniomba niwaeleze namna ya kutafuta tatizo pale trekta la zamani linapogoma kuwaka. Nitawaeleza. Ila itabidi mvumilie na jambo jingine ambalo hamkuliomba, maana nimejaribu kuyatenganisha hayo mawili nikashindwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule yangu ni darasa la saba, basi. Jina langu Dafroza, lakini karakanani waliniita Dafu, nami nikaitika kwa furaha kwa sababu nilikuwa mtu wa kuitika kwa furaha. Nilibadilisha oili huku naimba. Nilikuwa na ndoto ya kuwa na karakana yangu mwenyewe kwenye barabara ya Ujiji, yenye sakafu ya saruji na shimo la kuingia chini ya gari, na mimi ndani ya ovaroli nyeupe. Nyeupe, hebu fikirieni, fundi wa matrekta.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wanashuka milimani kutoka Burundi na vitanda vichwani, wengine wanakuja kwa mitumbwi kutoka upande wa pili wa ziwa, na kambi iliyokuwa na watu wachache mwezi huu, mwezi ujao huioni mwisho wake. Mradi wetu wa maji ulikuwa na trekta moja na tela la tangi. Kazi yake ilikuwa kupeleka maji kambini, asubuhi na mchana. Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu, rangi yake nyekundu imebaki kwenye kona tu kama rangi ya kucha za bibi harusi wa mwezi jana.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Rajabu, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa kofia iliyodariziwa kwa mkono na maneno machache. Siku yangu ya kwanza kwenye umeme niliweka spana ndefu juu ya betri wakati nafungua temino, vile vibano vya waya kwenye vichwa vyake. Spana ikagusa vichwa vyote viwili, ikalia kama mafuta ya maandazi, ikanata palepale. Mzee Rajabu aliichomoa kwa gongo la mti, akaitundika ukutani ikiwa imeungua katikati, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. "Hii ni pete ya uchumba ya Dafu," alikuwa anasema. "Kaposwa na betri." Tangu siku hiyo nafungua upande wa hasi kwanza, na kuurudisha nauweka wa mwisho. Nanyi fanyeni hivyo, msingoje kuposwa.

Sasa sikilizeni. Trekta likifanya tak na lisizunguke, usikimbilie kununua betri. Washa taa kubwa za mbele kwanza, halafu geuza ufunguo huku unaziangalia. Taa zikibaki na mwanga wake uleule, umeme upo, tatizo liko mbele huko, kwenye stata, ile mota ya kuizungusha injini, au solenoidi, swichi yake. Taa zikififia mpaka ziwe kama kibatari kinachoishiwa mafuta, hapo kuna mawili: ama betri imechoka, ama betri ni nzima lakini njia ya umeme imeziba mahali fulani. Na watu wengi, wakiona taa zimefifia, wanasema betri, wanafunga kesi.

Usifunge kesi. Chukua taa ndogo ya kupimia, igusishe kwenye vichwa vyenyewe vya betri, kwenye madini ya risasi yenyewe, usiguse zile temino zilizovishwa juu yake. Mwambie mwenzako ageuze ufunguo. Ikiwa ile taa yako ndogo inawaka vizuri huku taa za trekta zimefifia, betri haina hatia. Mwenye hatia ni waya, au kiungio. Kipimo hiki kinachukua dakika moja. Mimi nilikijua. Mzee Rajabu alinifundisha mwenyewe, na siku ilipohitajika sikukifanya.

Alinifundisha na jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo ufundi wenyewe. Alikuwa anasema: "Kabla hujauliza nani kagusa, jiulize wewe umegusa nini mara ya mwisho. Anza na mkono wako." Mimi nilikuwa nacheka. Niliona ni maneno ya wazee.

Haya, nimwingize Nestori.

Nestori alikuwa Mrundi, umri wa kaka yangu mkubwa, fundi umeme wa magari huko kwao. Msimamizi wetu, Bwana Kasanda, alimtolea kibali cha kutoka kambini kila asubuhi aje kutusaidia. Alikuja kwa miguu, akiwa amepiga pasi shati lake, sijui kwa mkaa wa nani. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko kitabu. Aliweza kushika waya uliofunikwa na gundi, akaupapasa kama mtu anayetafuta mwiba mguuni, akakwambia "hapa ndani umekatika," ukipasua unakuta kweli. Kiha changu na Kirundi chake vilielewana bila mkalimani, tukawa tunataniana siku nzima. Aliniita mushiki wanje, yaani dada yangu.

Stata yetu haikuwa ya kuaminika hata kabla ya mambo haya, kwa hiyo trekta halikulala tambarare. Liliegeshwa kwenye mteremko karibu na duka la Simbo, jiwe chini ya gurudumu, ili likigoma uondoe jiwe, literemke, uachie klachi, liwake. Simbo nzima ilijua. Mtu akiegesha baiskeli kwenye njia ya mteremko ule watoto wanamkemea. Nestori alipoona mara ya kwanza alisimama akatikisa kichwa.

"Mushiki wanje, kwetu kilima tunalimia maharage. Ninyi kilima ndiyo stata."

"Na hakihitaji betri," nikamwambia.

"Na siku mtakayohamia Dar?"

"Tutahama na kilima."

Saa ya chakula Nestori hakula na sisi. Alikuwa na redio ndogo, na mawe ya redio kambini yalikuwa adimu kama sukari. Kwa hiyo alivuta waya mbili nyembamba kutoka betri ya trekta, katikati akaweka kibalbu kidogo ili betri isiiunguze redio, akakaa kwenye ngazi ya trekta akasikiliza. Mchana kulikuwa na kipindi cha kusoma majina. Fulani mwana wa fulani, wa mlima fulani, kwao kijiji huitwa mlima, anawatafuta wazazi wake, yuko mahali fulani. Majina tu, dakika kwa dakika. Nestori alikuwa na binti wa miaka tisa, Goreti. Walipotezana njiani, usiku wa kukimbia, msafara ulipokatika vipande viwili. Siku zote alisikiliza mpaka jina la mwisho, anazima, anakunja waya zake, anarudi kazini, na kwa nusu saa hivi hakuna aliyemtania.

Nilikuwa najua yote haya. Naomba mlikumbuke hilo.

Kisa chenyewe kilianza Mzee Rajabu alipopanda boti kwenda Mwamgongo kutengeneza mashine ya pampu, akaniachia matengenezo madogo. Nikaamua kumfurahisha. Nikafungua waya zote kubwa za betri, nikazisafisha ziking'aa. Ilibaki kuzipaka grisi ili zisiote kutu. Grisi ilikuwa imekwisha. Nikakumbuka mama yangu: panga lake halikupata kutu hata siku moja, kwa sababu kila akitoka shambani alilipaka mawese. Mnyororo wa baiskeli ya baba, mawese. Bawaba za mlango, mawese. Nikaenda nyumbani nikarudi na kikombe cha mawese mekundu, mazito, nikapaka kila kitu.

Kupaka juu ya temino baada ya kukaza si dhambi kubwa. Lakini mimi nilikuwa na bidii. Ule waya wa athi, unaotoka upande wa hasi kwenda kufungwa kwa bolti kwenye chuma cha trekta, niliupaka chini kabisa, pale unapokutana na chuma, kabla ya kuukaza. Nikaweka tabaka zuri, kama mtu anayepaka siagi kwa mgeni. Nikakaza. Trekta likanukia kama jikoni siku ya samaki mgebuka. Siku mbili sisimizi walikuwa wanapanga foleni kupanda kwenye betri, na kuku wa jirani aliwafuata. Dereva alisema trekta letu limebakia kutiwa chumvi tu. Nestori alikuja akaangalia, akanusa kidole.

"Umepaka na chini, pale kwenye chasisi?"

"Kote," nikasema kwa fahari.

"Chini pafute, mushiki wanje. Mawese yanakula shaba. Baadaye yatakuwa kijani."

"Wewe unaogopa mawese kwa sababu kwenu mnapikia mafuta ya kopo."

Akacheka. Nami nikacheka. Sikufuta.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja asubuhi trekta lilikuwa tambarare kambini, karibu na matangi, baada ya kumwaga maji ya mzunguko wa kwanza. Dereva akageuza ufunguo. Tak. Taa zikafifia. Hapakuwa na mteremko. Watu wa kusukuma walipatikana, lakini mchanga wa pale ulikuwa laini, magurudumu yalizama. Jua likapanda. Tela tupu. Kina mama wamepanga ndoo, wengine wamelaza watoto kwenye kivuli cha tela lenyewe. Tulipokuja mimi na Nestori kwa miguu, Bwana Kasanda alikwishafika na pikipiki yake, jasho limemlowesha kola.

"Betri imekufa," akasema dereva.

"Betri ina miezi minne," akasema Bwana Kasanda. "Nani anaigusa betri hii?"

Mimi ndiye niliyekuwa nimeachiwa trekta. Na wiki hiyohiyo Bwana Kasanda alikuwa ameniambia anataka kupeleka jina langu kwenye mafunzo ya ufundi Tabora. Mwaka mzima, na cheti. Ovaroli nyeupe niliiona imetundikwa mbele ya macho yangu.

Nikasema, "Nestori huwa anachomeka redio yake hapa mchana."

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu. Sikuongeza kitu. Hakuna hata neno moja pale ambalo si kweli, na kwa muda mrefu nilijaribu kujifariji nalo hilo.

Bwana Kasanda alimgeukia. "Moto wa betri ya mradi unasikilizia muziki?"

"Si muziki, bosi. Majina."

"Majina ya nani?"

"Ya watu waliopotea."

"Na maji ya hawa walio hapa, ambao hawajapotea?"

Nestori alipiga magoti kando ya trekta, akamwomba dereva ageuze ufunguo tena. Tak. Akaweka kiganja chake pale kwenye bolti ya athi. Akaniangalia mimi, si msimamizi.

"Pana joto hapa. Mushiki wanje, weka mkono."

Kiungio kibaya kinapata joto, vijana. Umeme unaolazimishwa kupita mahali pembamba unachemka. Ni kipimo cha maskini, hakihitaji kifaa, kinahitaji kiganja. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale.

Sikuweka mkono. Nilisema, "Joto ni la jua."

Nestori akasimama. Bwana Kasanda akamwambia arudi kwenye hema lake, kibali kimekwisha, asionekane karakanani. Nestori akakunja waya zake mbili, taratibu, akaviringisha kile kibalbu ndani ya kitambaa, akaenda. Kutoka pale hadi kwenye mahema ni uwanja mtupu. Nilimwona njia nzima.

Na sasa angalieni jinsi kosa linavyoweza kukupigia makofi. Nilibaki kukaza temino za betri. Katika kuzikaza niliuvuta waya wa athi kwa nguvu, ukazunguka kidogo kwenye bolti yake, meno ya chuma yakapenya yale mawese, yakashikana. Dereva akageuza ufunguo, trekta likawaka. Papohapo. Kina mama wakapiga vigelegele. Bwana Kasanda akanipiga bega: "Umeona? Redio." Na wiki tatu nzima baada ya hapo trekta liliwaka kama jipya, kila mtu akasema ilikuwa redio. Hata mimi niliamini. Nilitaka kuamini, na nikapewa ushahidi.

Redio ndogo kama ile, ninyi mtakaokuja kusoma hesabu za umeme mtajua, ingecheza kutwa kucha juma zima na betri ya trekta isingejua kwamba imeombwa kitu. Stata inakula kwa pumzi moja zaidi ya kinacholiwa na redio kwa mwezi. Ni kama kumshitaki sisimizi kwamba kamaliza ghala.

Wiki ya nne, asubuhi, kwenye mteremko wetu wa Simbo: tak.

Nilikuwa peke yangu. Hapakuwa na Nestori wa kutajwa. Nikachukua taa ya kupimia, nikaita mpita njia ageuze ufunguo, nikaigusisha kwenye vichwa vya betri. Ikawaka vizuri, haikutikisika hata kidogo. Betri nzima. Nikashuka chini, nikaweka kiganja kwenye bolti ya athi, nikaomba ufunguo ugeuzwe mara mbili, mara tatu. Nikaondoa mkono haraka. Pale mahali palikuwa pamenichoma, na jua lilikuwa bado halijapita juu ya mti.

Nikafungua. Mawese yalikuwa si mekundu tena. Yalikuwa ukoko wa kijani, kama ute wa kisimani, umejaa kati ya shaba na chuma. Nikakwangua, nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza kukiwa kukavu, kisha nikapaka juu, kwa nje. Kazi ya robo saa. Trekta likawaka kwa mguso.

Mngesema hapo nilikimbia kwa Bwana Kasanda. Hapana. Na hapa ndipo pananitia haya kuliko kote, kwa sababu kukosea kila fundi amekosea. Barua ya Tabora ilikuwa mezani kwake, inasubiri sahihi. Nikajiambia nitasema ikishasainiwa. Nikajiambia Nestori ni fundi mzuri, hatakosa kazi. Nikanyamaza siku kumi na moja. Nilizihesabu kwa sababu kila siku nilijiambia ni ya mwisho.

Mzee Rajabu alirudi kutoka Mwamgongo amekonda, pampu ilimtesa. Akakaa siku mbili akinitazama.

"Dafu, una homa?"

"Sina, Mzee."

"Jino?"

"Sina jino."

"Basi mbona huimbi? Mimi nilizoea kujua uko wapi kwa kelele zako. Sasa napiga kona nakukanyaga."

Nikalia palepale, mikono imejaa oili, nikamwambia yote, kuanzia kikombe cha mawese. Alisikiliza akifuta spana moja mpaka ikawa haina cha kufutwa. Nilitegemea anigombeze. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Barua imesainiwa?"

"Jana, Mzee."

"Ahaa," akasema, akageuka akaendelea na kazi yake. Ile ahaa, vijana wangu. Afadhali angenipiga na gongo la mti.

Nikaenda ofisini kwa Bwana Kasanda nikasema. Alinitazama kama mtu aliyeletewa wali akiwa ameshiba. "Mambo ya mwezi uliopita haya, Dafroza. Trekta linawaka?" Nikasema linawaka. "Basi. Umepata nafasi, nenda kasome, uache mawese." Nikamwambia siondoki mpaka atoe kibali kingine cha Nestori. Sijui nilitoa wapi ujasiri, pengine kwenye haya yenyewe. Akavuta droo, akaandika, akanisukumia karatasi. "Mpelekee mwenyewe."

Nikapanda kwenye tela la tangi mpaka kambini. Nikamkuta Nestori ameketi mbele ya hema lake anatengeneza tochi ya mtu, shati limepigwa pasi vilevile. Akanipa kigoda. Nikakataa kukaa. Nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, yakatoka yote kwa mkupuo, athi, kijani, msasa, nisamehe, na karatasi nikaishika mbele yangu kama mtoto anayetumwa dukani.

"Nilijua ni athi," akasema.

"Kwa nini hukung'ang'ania? Kwa nini hukumwambia msimamizi kwamba mimi ndiye niliyepaka?"

Akaiweka tochi chini. "Mimi ni mkimbizi, wewe mtoto wa hapa. Angesikia nini?" Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo kwa adabu, akauliza, "Ulipaka kwa juu, baada ya kukaza?"

"Kwa juu."

"Vizuri."

Nikamnyooshea kibali. Hakukichukua mara moja. Akasema jirani yake wa hema la tatu ana redio, ina mawe hafifu, wanaiwasha dakika chache tu na watu wanasongamana. Jumanne iliyopita yeye alikuwa foleni ya unga. Jirani akasikia jina likisomwa, Goreti, umri wa miaka tisa, halafu redio ikafifia. Jina la baba hakulipata. Mlima hakuupata. Mahali alipo mtoto hakupata.

"Goreti ni wengi kwetu," akasema Nestori. "Kila nyumba ina Goreti."

"Watasoma tena?"

"Wakati mwingine wanarudia. Wakati mwingine hawarudii, majina ni mengi."

Jumanne iliyopita. Nilihesabu pale nimesimama, vidole vikiwa nyuma ya mgongo wangu. Ilikuwa siku ya sita kati ya zile kumi na moja. Trekta saa ile ya majina lilikuwa kwenye mteremko wa Simbo, betri imejaa, limekaa tu.

Nilimwambia. Sikuwa na sababu ya kumwambia, labda ingekuwa huruma kunyamaza, lakini nilikuwa nimenyamaza vya kutosha. Nikasema, "Jumanne nilikuwa tayari najua." Hakusema mushiki wanje. Alichukua kile kibali, akakisoma pande zote mbili, akanirudishia.

"Nitabaki hapa, karibu na redio ya jirani," akasema. "Nikija huko saa hiyo nitakuwa kazini, na betri yenu siigusi tena."

Ningeweza kuwadanganya kwamba jina lilirudiwa. Sijui. Nilikwenda Tabora, nikarudi baada ya mwaka na cheti, hema lake lilikuwa na familia nyingine. Wengine walisema alirudishwa kwao, wengine walisema alihamishiwa kambi nyingine. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nimetengeneza matrekta mpaka Kasulu, ovaroli nyeupe niliipata na ikawa nyeusi wiki ya kwanza, na mpaka leo kila mwanafunzi wangu nimemwekea mkono wake kwenye kiungio cha athi kwa lazima. Sikusema kwa nini. Sasa mnajua.

Lakini kuna kitu nimekiruka makusudi, acheni nikiseme nimalize. Siku ile Nestori alipofukuzwa, mlinzi wa karakana alipewa amri, naye alikuwa mtu wa kupenda amri. Alichukua kipande cha bati, akaandika kwa rangi nyeusi, NESTORI MWIZI WA MOTO HARUHUSIWI, akakipigilia getini. Nilipita chini ya bati lile kila siku, asubuhi na jioni, wiki zote zile. Nilizoea mpaka nikaacha kulisoma.

Niliporudi kutoka kambini siku ile, kibali kikiwa bado mkononi, mlinzi alikuwa amekwenda kuswali na getini hapakuwa na mtu. Nilivua kanga yangu ya kichwani, nikaichovya kwenye dizeli, nikasugua. Rangi ilipauka lakini haikutoka, bado ilisomeka. Nikaenda ndani nikaleta msasa, ule mkali. Nikaanza na neno la pili.